Mawe ndani ya boksi la mwanasesere

Leo nimeitwa mwizi kwa sababu ya mwanasesere.

Baba halipwi tena, basi nilimpa mwenye duka kitenge cha mama badala ya pesa, nikapewa mwanasesere na vyombo vyake, boksi limefungwa vizuri. Nilimwahidi Nadine, mdogo wangu. Yuko hospitali na amekataa kula.

Nililifungua mbele yake.

Ndani, mawe ya kijani ya shaba, yale yanayoanguka kutoka kwenye mabehewa ya madini mtaani kwetu Shituru.

Nikalirudisha dukani.

"Mama, hii mawe ni ya kwenu. Weye njo umetia," mwenye duka akaniambia, kwamba mimi ndiye niliyeyaweka.

"Papa, hakuna mwingine alikurudishia hii boksi?" nikamuuliza.

"Iko mumoja, juzi. Wa Shituru vilevile. Bote muko bamoja."

Kwake, watu wa Shituru sote ni wezi; kitenge kikabaki kwake.

Jirani uliyemtoa mwanasesere, ukatia mawe na kurudisha boksi, sitakuuliza kitu. Niazime tu huyo mwanasesere, mpaka Nadine ale.