Jembe la Mlangoni kwa Bibi, Sindeni

Kilichonitoa nyumbani Kilole si biashara wala harusi. Ni Bibi Mwanaidi, mzaa mama yangu, kukataa kulala ndani ya nyumba.

Kijiji chao cha Sindeni kilikuwa kimehamia mahali pamoja, nyumba mpya zimepangwa kando ya barabara zimenyooka kama askari wa gwaride. Bibi alipewa yake, akashukuru, akatandika mkeka barazani. Mjomba Salimu alipokuja Korogwe kuuza kuku ndiye aliyenieleza. Sisi kwetu mtu akijenga, jembe lililofungua shamba lake la kwanza, likishalika likabaki kipande, hufukiwa chini ya kizingiti. Siku ya kuhama, Mjomba alibeba nguzo, mlango, hata mafiga. Jembe akalisahau chini.

"Bibi yako anasema nyumba isiyo na jembe mlangoni ni kibanda cha kuamia ndege," alisema Mjomba. "Na kikohozi kimeanza, na masika hayo yanakuja. Halafu hame letu, pale tulipohama, trekta litalilima wiki hii, liwe shamba la kijiji. Limeota nyasi, sijui tena mlango ulikuwa wapi. Wewe umemaliza shule ya jioni. Haya, toa elimu."

Elimu yangu ilikuwa ya kusoma, kuandika na kupigia mstari. Lakini nilimkumbuka mtu mmoja.

Asubuhi, Mnyuzi. Nilishuka kwenye treni nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuwa fundi wa shamba la mkonge hadi alipostaafu. Meneja wa zamani alipoondoka alimwachia mashine ya kutafutia mabomba yaliyopotea ardhini: fimbo ndefu, mwishoni duara kama ungo, kisanduku cha betri, na vikopo viwili vya kuvaa masikioni.

"Mzigua huyo kaja!" alipiga kelele aliponiona. "Mama Maganga, fungia kuku!"

"Shikamoo, mtani wangu. Kuku wako wamekonda mno, hata nikipewa sili."

Alicheka, akanikaribisha uji, kisha akanivisha vile vikopo. "Hii haijui dhahabu wala mkufu wa bibi harusi," alinionya. "Ikikuta chuma inalia tu, kama kitinda mimba. Nenda ukajifunze kwanza. Lakini uliza pa kujifunzia."

Niulize nini? Tulikuwa tumeimba kila mkutano kwamba ardhi ni mali ya umma, na umma, kwa hesabu yangu, ndio mimi. Nikaenda pale stesheni, nikaiwasha kando ya reli. Ndugu zangu, ililia! Ililia hadi nadhani mbuzi wa Muheza waliacha kutafuna. Nikaanza kuchimba. Kidogo tu kivuli cha mtu kikanifunika.

"Unatafuta nini, bwana?" Alikuwa mkuu wa stesheni, kofia imemkaa sawasawa.

"Chuma, mkuu."

"Umeshakipata. Kile kirefu kinachokwenda mpaka Tanga. Sasa toka hapo, kuna treni inakihitaji."

"Lakini mkuu, hii ni ardhi ya umma."

"Kabisa. Na umma umeniweka mimi niulindie. Wewe umemwomba nani?"

Nilifukia lile shimo nikiona kofia yake inazidi kurefuka.

Mchana nikaenda shuleni, safari hii kofia mkononi, nikamwomba mwalimu mkuu. Akanikubalia kiwanja cha mpira. "Ila kila shimo ulifukie ulikanyage," alisema. "Jumamosi tuna mechi, na golikipa wangu hata kiwanja kikiwa tambarare anaanguka." Nilizunguka pale hadi jua likapungua makali. Nilivumbua vizibo vya soda vya kutosha kuezekea msikiti, misumari, na kijiko kimoja ambacho mpishi wa shule alikipokea kama mtoto aliyepotea. Kwa hiyo ninyi mnaoniuliza anayejifunza mashine hii aanzie wapi asikamatwe, jibu langu ni hilo: kiwanja cha mpira, ukiwa umeomba. Reli usiiguse, makaburi usiyasogelee, na shamba lenye mazao ya watu lipite kwa salamu.

Kesho yake, njia ya Sindeni. Nilipanda lori la mahindi lililokuwa likirudi tupu. Lori lenyewe nadhani Nuhu alilikataa safinani. Tulivuka Mto Pangani likikohoa, tukaingia vumbi jekundu hadi sote tukawa kabila moja. Mashine nilikuwa nimeifunga guniani. Mama mmoja aliyekaa juu ya gurudumu la akiba aliitazama weee, mwishowe akashindwa.

"Mwanangu, hicho ni cha kupimia mashamba?"

"Hapana, mama. Cha kutafutia jembe la bibi yangu."

"Maskini," alisema, akimgeukia mwenzake. "Kijana mzuri hivi."

Alasiri, Sindeni. Bibi alikuwa barazani, amejifunika khanga mbili, anakohoa huku akipepeta mtama.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Huyo mwanamke wa Korogwe hapiki?" Akaitazama fimbo yangu. "Na hiyo ndiyo mahari?"

Nilipomweleza hakucheka tena. Akaweka ungo chini. "Lile jembe tulilivunjia pori mimi na babu yako, mpini mmoja, tukipokezana," alisema. "Kama mtalilima na trekta litupwe huko, basi hata mimi nilimeni."

Jioni nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Semndili. Aliniwahi kabla sijaketi. "Hame lile si la bibi yako tena. Ni la kijiji."

"Ndiyo maana nimekuja kuomba, mzee."

Akafurahi, nadhani hakuna aliyewahi kumwomba kitu ambacho alikuwa amejiandaa kukikataa. Akanikubalia mbele ya wajumbe, kwa masharti: nisikaribie makaburi, nifukie mashimo, na chuma chochote kitakachotoka kiende kwa mhunzi wa kijiji, maana majembe yalikuwa adimu. Nikajibu "Ndiyo, mzee!" kwa sauti ya gwaride. Akili ilifika baadaye, niko njiani: chochote, maana yake hata la Bibi.

Asubuhi, hameni. Kijiji kizima kilikuja kutazama, na kwa kuwa wangepitia kwenye shamba la ujamaa, kila mmoja alikuwa na jembe begani. Nikawasha. Ikalia. Tukachimba, hakuna. Nikasogea, watu wakasogea nami, ikalia tena. Tukachimba, mizizi. Hame likawa kama limechezewa na ngiri. Mjomba Salimu akasema labda hapa pana chuma tupu hadi upande wa pili wa dunia. Mimi nikayatazama yale mabega, nikaelewa.

"Jamani, wekeni majembe mbali!"

Hakuna aliyetikisika.

"Nionekane sina jembe saa hizi?" alisema kijana mmoja. "Nitaambiwa nategea."

"Mimi lilishanikuta mwaka jana," alidakia mwingine. "Nilikuwa nakunywa maji tu!"

Ikabidi Mwenyekiti mwenyewe atangaze kwamba kwa saa hiyo asiye na jembe si mtegaji. Yakarundikwa mbali kule njiani, naye akaenda kukaa karibu nayo, la kwake likiwa bado begani. Nikawasha upya. Kimya. Bibi akatembea ndani ya nyasi taratibu, akaugeukia mlima aliozoea kuuona akiwa mlangoni, akarudi nyuma kidogo.

"Hapa nilikuwa namwaga maji ya mchele. Mlango ni hapo mbele."

Ikalia mara moja, sauti nyembamba. Mjomba akachimba kwa mikono. Likatoka: kipande chekundu cha kutu, kimelika kama ulimi wa mlevi wa tambuu. Bibi akalipokea. Mhunzi naye akanyoosha mkono, bila ubaya, kama tulivyokubaliana. Nikaitazama mashine yangu, nikatamani ingekuwa kiziwi.

"Ni la kijiji, Bibi," alisema Mwenyekiti, aliyekuwa amerudi kutoka njiani. "Mjukuu wako alikubali."

"Nani kakataa?" Bibi alimjibu. "Ninyi mmenijengea nyumba. Mliikandika pamoja, mkaiezeka pamoja, hata wewe ulipanda ukateleza. Nyumba ile ya nani?"

"Ya kijiji... ndiyo, tuliijenga sote."

"Basi chuma cha kijiji kikae chini ya mlango wa kijiji. Mimi nitakilinda."

Mwenyekiti alilihamishia jembe lake bega la pili. Kisha mhunzi akaurudisha mkono wake taratibu, akajikuna nao shingo. "Hata hivyo limelika, mzee," alisema. "Halitoi hata kisu."

Kabla ya magharibi tulilifukia. Bibi akakunja mkeka, akavuka kizingiti kwa mguu wa kulia, akageuka. "Mume wangu, wewe mgeni. Lala barazani." Akafunga mlango. Mvua ya kwanza ilinikuta pale pale, na Bibi ndani sikumsikia akikohoa, nilisikia anakoroma.

Kurudi, nilishuka Mnyuzi kurudisha mashine. Mzee Maganga akauliza nimejifunza nini. Nikamwambia ardhi ya umma nilidhani haina mwenyewe, kumbe ina wenyewe wengi mno, na kila mmoja anataka aamkiwe kwanza.

"Hilo umelijua mwishowe," alisema. "Sasa kampigie hodi mkuu wa stesheni. Anadai kuna shimo lako limezama."