Shikamoo ya Kidato cha Pili

Siku yangu ya kwanza ya umatroni, Mkuu wa Shule alinikabidhi funguo za bweni na agizo moja. "Asubuhi simama mlango wa bwalo, wanapoingia kunywa uji. Sikiliza shikamoo zao."

Nilidhani ananitania. Ilikuwa shule ya upande wa Kasesya, mpakani na Zambia. Baadaye nikahamishiwa Sumbawanga mjini, na huko nako nilisimama mlangoni na sweta langu hadi nilipostaafu.

Kidato cha kwanza wanakuamkia kwa kelele, kama unagawa maandazi. Mmoja akilia, sababu unaiona: kapoteza daftari, kamkumbuka mama. Akifika cha pili, shikamoo inabaki kooni. Anacheka kabla ya uji, ananuna baada yake, na ukimuuliza kulikoni, hajui. Hadanganyi, kweli hajui. Aibu ambayo mwaka jana hakuwa nayo inamkaa mwili mzima. Cha nne sauti inarudi, na sasa anakutazama usoni. Wengi sikuwapa dawa yoyote. Niliwapa kazi ya mikono, nikanyamaza.

Kabula, binti wa wafugaji waliohamia kijiji cha Mollo, alipoingia cha kwanza pale Sumbawanga alikuwa anaamkia kwa kupiga goti. Cha pili akaanza kutupita kimya, macho chini. Makamu Mkuu, aliyesimamia nidhamu, akachoka naye.

"Ana kiburi huyu. Akakae nyumbani kwanza."

Baba yake alikwisha kuniambia kwamba binti akirudishwa, basi, ataolewa. Niliogopa sana. Nikamwomba Makamu asubiri hadi Jumatatu.

Jumamosi nilimwita Kabula stoo tuchambue maharage. Mimi nilikaa kwenye kigoda, yeye chini kwenye gunia. Alipokaa tu akasema taratibu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe sauti ipo?"

Akainamia ungo. "Wenzangu wa Majengo, hawa wa mjini, wananicheka nikipiga goti. Wanasema, 'Mshikaji, umedondosha nini?'"

"Si uamkie umesimama, kama wao?"

"Mkubwa nimwamkie nimesimama? Hayo si matusi, mama? Bora ninyamaze."

Jumatatu nilimweleza Makamu. Akavua miwani. "Kwa hiyo ananinyamazia kwa heshima?"

"Kwa heshima na kwa aibu, Mwalimu. Umri ule vinakaa pamoja."

Hakumrudisha. Tangu hapo Kabula alikuwa akija stoo asubuhi, anakaa kwenye gunia, ananiamkia huku akiokota mawe kwenye maharage. Makamu naye akawa anapita kupokea shikamoo yake, akisingizia kukagua jiko.

Siku hizi matroni vijana huja nyumbani kuniuliza dawa ya mtoto anayenuna. Nikiwatajia maharage, wanaondoka hawajaridhika.

Juzi nilikuwa Majengo, nje ya duka la pembejeo. Mwanamke mrefu akanipigia goti palepale, mbele ya madereva wa bodaboda. Alikuwa Kabula. Nyuma yake binti yake, aliyevaa sare ya sekondari, aligeukia ukutani akajifanya anasoma bei za mbolea.

"Wewe! Mwamkie bibi!" mama yake akafoka.

"Yuko kidato cha ngapi?" nikauliza.

"Cha pili."

Kabula akanitazama, akaanza kucheka, goti bado liko chini.