Kinu Kilichozunguka Kadoda

Mama mkwe wangu, Eustadia, ana miaka sabini na moja na hajui kuomba ruhusa. Nilipoolewa na mwanawe Selestini nikaletwa Kadoda, kisiwa kidogo ziwani, ng'ambo ya mji wa Usinge, nililia wiki nzima. Kaya kumi na moja, jua kutwa, na kivuli tunagombea na mbuzi. Yeye alinipa mchi akasema, "Ukimaliza kulia, muhogo huo hapo."

Kila tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, mitumbwi yetu yote huzunguka kisiwa mara moja. Ngoma hukaa mtumbwi wa mbele na makasia yote hufuata mapigo yake. Ndege wanaruka kutoka kwenye mafunjo, watoto wanapiga kelele, halafu tunakula kambale na ugali na wazee wanakunywa pombe ya ndizi. Ngoma hiyo aliichonga marehemu baba mkwe, Nsengiyumva, kutoka gogo moja la mti wa hapa hapa. Kipande kilichobaki alimchongea mkewe kinu.

Mwaka jana kamati ya kanisa letu la kigango, ambayo iko nchi kavu, iliamua sikukuu ihamie kwao, tena Oktoba, wakulima wakiwa wameshauza tumbaku. Oktoba! Mtu yeyote aliyewahi kuishi Kadoda anajua kwamba mwezi huo maji kati yetu na wao hukauka, linabaki tope tupu. Mtumbwi haupiti, na ukitembea unazama hadi mapajani. Watu wazima walikaa kikao, wakanywa soda, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka hilo. Hasira yangu haijaisha mpaka leo.

Mwenyekiti wao, Ambrosi, alituma watu wakaichukua ngoma, eti ikatunzwe. Akatuma na neno: mzunguko wa kisiwani ukikosekana mwaka mmoja tu, ndiyo basi, hautarudi tena.

Wanaume wetu walinung'unika, kisha wakanyamaza. Selestini wangu naye, pamoja na kwamba nampenda, alinyamaza.

Asubuhi ya tarehe kumi na tano Agosti, Eustadia alikibiringisha kinu chake hadi majini. Alitandika magunia ndani ya mtumbwi wa mbele, ule mpana wa mbao, akakisimamisha juu yake na kumwaga makopa ya muhogo.

"Julieth, njoo na mchi wako."

Selestini alishtuka. "Mama, mwanamke hapigi ngoma!" Ndivyo tulivyolelewa sisi wenye asili ya Burundi, ngoma ni ya wanaume.

"Nani kataja ngoma? Nina wageni leo na sina unga. Kaa kwenye kasia."

Tukapiga magoti, mimi huku, yeye kule, tukaanza kutwanga kwa zamu. Du, du. Mlio ulipita juu ya maji mzito na safi, nami nikasisimka mwili mzima, maana nilikuwa nimeusikia miaka yote. Lilikuwa gogo lile lile. Kasia la Selestini lilishika mapigo bila yeye kuambiwa. Nyuma yetu mitumbwi ikaanza kutoka, mmoja mmoja, hadi wa mwisho.

Tulikuwa upande wa mashariki tulipomwona Ambrosi. Alikuja kuhakikisha kwa macho yake kwamba mzunguko umekufa. Mtumbwi wake ukasogea sambamba na wetu.

"Shikamoo, Mama Selestini. Nani kakuruhusu kupiga ngoma?"

"Marahaba, Mwenyekiti. Ngoma si unayo wewe? Mimi natwanga. Kikao gani kimekataza kutwanga?"

Ambrosi aliamua kugeuza mtumbwi arudi zake. Hakuwa ameona kwamba mpiga kasia wake, mzee Silasi, alikuwa ameshaingia kwenye mapigo yetu. Alipomwambia ageuze, Silasi alijifanya hasikii. Basi Mwenyekiti akazungushwa kisiwa chote na suti yake, akiwa wa mwisho kwenye msafara, wanawake wakimpigia vigelegele. Nilipiga na mimi, mpaka koo likauma.

Mchana unga ulichekechwa, ugali ukapikwa. Eustadia alimpelekea Ambrosi sahani yeye mwenyewe, tonge la kwanza na kichwa cha kambale, kama anavyopewa mgeni wa heshima.

"Kula, Mwenyekiti," alimwambia. "Halafu ukaiandikie kamati yako kwamba mzunguko ulikuwepo, na wewe ulikuwepo."