Tulipoliacha Lori Chini ya Ngomo

Agosti iliyopita mjukuu wangu alinirudisha Bukavu kutoka Uvira kwa gari lake, na tulipoanza kuupanda mlima wa Ngomo nilifungua dirisha. Alinisihi nilifunge, kwani vumbi la kiangazi linadhuru kifua changu. Sikulifunga. Harufu ya majani yaliyoungua ilikuwa ile ile, na kule chini uwanda wa Ruzizi ulikuwa mweupe, kama uliopeperushiwa unga wa muhogo.

Wewe uliyepita njia hiyo miaka hii umezoea kuona malori mawili yakikutana kwenye kona, na madereva wakitukanana hadi mmoja akubali kurudi nyuma. Wakati wa Wabelgiji haikuwa hivyo. Barabara ilikuwa nyembamba, kwa hiyo magari yalipanda kwa zamu na kushuka kwa zamu. Chini ya mlima palikuwa na gogo lililolazwa katikati ya njia, na mlinzi ambaye hakuna dereva aliyethubutu kubishana naye. Aliyekosa zamu yake alingoja.

Sisi tuliikosa siku ya Ijumaa, tarehe 31 Agosti 1956. Ilikuwa siku ya mwisho ya masista kuandikisha wasichana wapya katika shule yao ya bweni, kule juu upande wa Nyangezi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na sikuwa nimewahi kushika kalamu. Sista aliyepita kijijini kwetu alikuwa amemwambia nyanya yangu, aliyenilea, kwamba mwaka huo wangenipokea kwa huruma tu. Mwaka uliofuata ningekuwa mkubwa mno. Nyumbani, baba mdogo alikuwa amekwisha kuanza mazungumzo na watu fulani kuhusu ng'ombe wa mahari yangu.

Dereva wa lori tulilopanda alisimama sokoni Kamanyola kununua ndagala, wale dagaa wa ziwani, akakaa akitaniana na wauzaji kana kwamba dunia nzima ilikuwa yake. Tulipofika kwenye gogo, njia ilikuwa imefungwa, na juu kabisa tuliona vumbi la magari yanayoshuka. Sisi tungeruhusiwa kupanda jioni.

Nyanya alishuka. Alitoa kamba yake, ile ambayo wanawake wetu wa Kishi huipitisha kwenye paji la uso ili kubeba mzigo, akalifunga sanduku langu la bati mgongoni.

"Maman, unaenda fasi gani?" mlinzi akauliza. "Barabara imefungwa."

"Imefungwa kwa magari. Mimi niko gari? Nionyeshe moteri yangu."

Abiria waliokuwa juu ya mizigo wakaangua kicheko. Dereva naye akapaza sauti: "Maman, nitakuokota kona ya tatu, umelala kama muhogo!"

"Utanikuta kwa masista," nyanya akajibu bila kugeuka. "Na ndagala utaniletea."

Hakuifuata barabara. Alishika njia ya wapagazi, iliyopanda wima na kuzikata kona zote, nami nilimfuata nikiwa na kibuyu cha mutobe, maji matamu ya ndizi, na viazi vitamu vya baridi vilivyofungwa katika jani la mgomba. Udongo uliporomoka chini ya nyayo zangu. Kila tulipoikata barabara, gari la Mzungu lilitupita likishuka, likinuka breki zilizoungua, na nyanya aliligeuzia mgongo ili vumbi lilipige sanduku badala ya uso wake. Karibu na kilele upepo ulikuwa baridi na miguu yangu ikakataa. Nikaketi, nikalia.

"Vizuri," akasema. "Kaa hapa. Mulinzi wa gogo anatafuta bibi wa kuoa. Nitarudi kumwambia amepata."

Nikasimama. Tulikula tukitembea, wala hatukupumzika tena hadi tulipoliona paa la shule.

Sista alikuwa akifunga mlango wa ofisi. Alilitazama paji la uso la nyanya, ambalo kamba ilikuwa imelichimba mpaka likawa jekundu, akaufungua tena. Jina langu liliandikwa la mwisho. Giza lilipoanza kuingia, honi ililia nje ya lango. Dereva yule aliteremka, akamwekea nyanya fungu la ndagala mikononi, akaondoka. Nyanya alinigawia nusu.

Marehemu mume wangu, aliyekuwa mwalimu, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye alisoma kwa kichwa lakini mkewe alisoma kwa magoti. Sikuwahi kumkanusha.

Basi Agosti hiyo iliyopita niliitafuta njia ya wapagazi. Hakuna. Maporomoko yameimeza, na palipobaki pameota mikaratusi. Gogo halipo, na mlinzi wake hakuna anayemkumbuka. Nilimwambia mjukuu asimame.

"Koko, hapa hapana! Kona iko mubaya."

"Simama."

Nilishuka na fimbo yangu, nikaipanda kona ile ya mwisho kwa miguu, katikati ya barabara, kwa kuwa pembeni hapakuwa tena na pa kukanyaga. Mjukuu alinifuata polepole, taa zikiwaka. Nyuma yake malori mawili yalipiga honi kwa hasira.

Niliyaacha yangoje.