Kikapu cha Bawa la Kushoto

Watu walimwita Hamna Shida, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza habari za mgongo wake, hamna shida. Ukimwambia paa la karakana linamvujia kichwani, atasogeza kiti, atajifuta upara, hamna shida. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mishale ya kuwindia, ya wawindaji wenye vibali vyao na wasiopenda kelele za bunduki, na kazi hiyo aliijua barabara. Mengine yote aliyaacha yajitengeneze.

Mkewe alikuwa Mama Bata, kwa ajili ya bata mzinga aliowafuga nyuma ya nyumba. Bata hao hawakuwa kitoweo, walikuwa wafanyakazi. Kila mshale wa nyumba hiyo ulivikwa mkiani manyoya matatu ya mabawa yao, na bata alipodondosha nyoya, Mama Bata alishaliokota kabla mwenyewe hajajua limemtoka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapochemsha. Nyoya la bawa la kushoto limepinda kivyake, na la kulia kivyake. Mshale ukiuvika ya kushoto tu, unazunguka upande mmoja hewani na unakwenda sawasawa. Ukiuvika ya kulia tu, unazunguka upande wa pili, na wenyewe unafika. Ukichanganya, manyoya yanagombana njiani na mshale unakwenda kama mlevi anayetafuta mlango wa kwao. Kwa hiyo Mama Bata alikuwa na vikapu viwili, kimoja kila mwisho wa meza. Cha mkono wake wa kushoto kilipokea ya kushoto, cha mkono wa kulia ya kulia. Aliketi, akachambua, akatupia. Fundi alichota humo bila kukagua, kwani nani huonja chumvi kwanza wakati mkewe ndiye aliyepika?

Asubuhi moja Mama Bata aliingia karakana akalisalimia koti la mvua lililotundikwa kwenye msumari. Lilipokaa kimya, akaliuliza limeamka na nini hata linamnunia. Fundi alikuwa upande wa pili kabisa, ameshika kopo la gundi. Akakohoa. Mama Bata akageuka, akacheka, akasema alikuwa anamtania. Fundi naye akacheka, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kuuliza.

Lakini jambo lilimkaa. Mama Bata alipotoka kwenda kulisha bata, fundi alikichukua kiti chake, kilichokuwa kimeligeuzia dirisha mgongo miaka yote, akakizungushia upande wa pili wa meza ili mwanga umwingie mkewe usoni. Hamna shida, akajiambia. Kitu kingine hakukigusa.

Haukupita muda mrefu, akaja mwindaji, mteja wao wa siku nyingi, mtu mrefu mwenye sauti ya kunong'ona hata akiwa sokoni. Aliweka podo lake la mishale mezani kwa adabu. Akasema mishale mipya ni mizuri, imenyooka, ina ncha kali, kasoro yake ni moja tu, haiendi inakotumwa. Alikuwa amelenga gunia la majani, akapiga ndoo ya jirani. Jirani alikuwa bado hajamsamehe. Ndoo inanunulika, alinong'ona mwindaji, ila mnyama akichomwa vibaya akakimbilia vichakani kufa polepole, hilo halinunuliki, na yeye msimu ukifunguliwa ni heri alale njaa kuliko kwenda na mishale hii.

Mwindaji alipoondoka, fundi alivimwaga vikapu vyote viwili mezani. Ya kushoto na ya kulia yalikuwa yamelala pamoja kama watoto wa wageni.  Fundi mwenye akili timamu angegundua mapema, wakati wa kubandika, lakini huyu alikuwa amezoea kuuamini mkono wa mkewe kuliko macho yake mwenyewe. Akalikumbuka koti. Basi, akasema moyoni, macho ya mama watoto ndiyo hayo yanakwenda.

Kumwambia hakuthubutu. Alimjua. Mama Bata akiambiwa kazi imemshinda, hatalia wala hatabisha. Atainuka, atakung'uta nguo yake, na hatakaa tena kwenye kile kiti. Na karakana isiyo na huyo mwanamke, inayonuka gundi tu, fundi hakuitaka. Alikuwa anaogopa, ndiyo hali halisi, ila watu wa aina yake wakiogopa huanza kununua vitu.

Akaagiza mabawa ya plastiki. Yakaja ndani ya boksi, membamba, yote yamefanana, hayana kushoto wala kulia. Akamwambia mkewe ni kwa sababu ya mvua. Manyoya yakilowa hulala na kushikana, mshale ukapoteza njia, lakini plastiki haijui mvua ni nini. Kila neno lilikuwa kweli, na ndivyo alivyomdanganya. Mama Bata alilichukua moja, akalipapasa, akalisogeza karibu na pua. Akasema si baya, na rangi hii ya kijani inapendeza.

Lilikuwa la rangi ya chungwa. Fundi akaitikia kwamba kijani hicho kweli kinapendeza.

Mwindaji alikuja kuijaribu mishale ya plastiki pale pale uani, Mama Bata akiwa anawamwagia bata pumba. Upinde wake ulikuwa wa mti mtupu, ule ambao mshale unalala juu ya ngumi na kupita ukiusugua mti. Nyoya likifika hapo hujikunja, hupita, hujinyoosha. Plastiki haijafunzwa kupisha mtu. Ilijigonga kwenye mti, mshale ukaruka pembeni, na safari hii mlango wa choo uliponea chupuchupu.

"Fundi," alinong'ona mwindaji, "hili si ulinifundisha wewe mwenyewe?"

Fundi akasema hamna shida, anaweza kupigilia kijiti ubavuni mwa upinde, mshale ulalie hapo. Mwindaji alimtazama kama mtu aliyeambiwa apunguzwe kisigino ili kiatu kimwenee. Akachukua upinde wake akaenda, bila kuaga vizuri.

Mama Bata aliyasikia yote. Akatua ndoo ya pumba. Siku ya pili yake akamtumia muuza nyama salamu kwamba aje, kuna bata mzinga wa kuuza, wote. Alipoanza kuwafunga miguu, mmojammoja, kwa vitambaa laini ili wasiumie, fundi alisimama dirishani na hakuweza kubandika kitu. Yule dume mkubwa alifungwa wa mwisho. Alitulia tu, kwa heshima.

Kisha Mama Bata akaingia karakana, mikono bado ina vumbi.

"Baba watoto, nina swali moja tu. Mvua hiyo imeanza kunyesha lini?"

"Mvua gani?"

"Hiyo ya plastiki. Tumeoana mvua inanyesha, tumezaa mvua inanyesha, manyoya yangu uliyapaka mafuta yakapita. Leo unamharibia mteja upinde ili usiyatumie. Kama umenichoka, sema, nisiwachinjishe bata bure."

Fundi alifungua mdomo kusema hamna shida. Neno likagoma. Badala yake akasema, kwa sauti ndogo iliyomshangaza mwenyewe, kwamba vikapu vimechanganyika, na kwamba aliliona lile koti, na kwamba anajua habari ya macho yake.

 Mama Bata akavuta kiti akaketi, akaomba rundo lote lililochanganyika lisogezwe mbele yake. Akainua uso kuelekea dirishani, na vidole vikaanza kazi peke yao. Nyoya likigusa kidole gumba, linapinduliwa, linatupwa. Hakutazama mezani hata mara moja. Rundo likawa marundo mawili, na fundi, aliyeinama kukagua moja baada ya jingine, hakupata hata moja lililokosewa.

"Naachia macho kazi hii tangu lini?" alisema Mama Bata. "Kila nyoya lina mgongo wake. Mimi naupapasa tu. Haya, nipe kikapu cha kushoto." Akanyoosha mkono wa kushoto, bila kuangalia, kama alivyonyoosha maisha yake yote.

Fundi akautazama mkono huo. Akakitazama kiti. Kikapu cha kushoto kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote, mwisho uleule wa meza, yaani sasa kulia kwa mkewe.

"Kiti nilikihamisha mimi," alisema.

"Hilo nalijua, nimekikalia. Lakini mtu anayehamisha kiti si anahamisha na vikapu?"

 Fundi akakaa sakafuni, karibu na miguu ya mkewe, na akamuuliza kama kweli bado anamwona.

"Nakuona kama lile koti," alisema Mama Bata. "Tofauti ni kwamba wewe unaitikia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeninunulia plastiki."

Boksi lilikuwa mezani, mbele yao wote wawili. Fundi alilia kidogo, na Mama Bata akampapasa upara kwa vidole vilevile, taratibu, hadi kilio kikaisha.

Baadaye alitaka kukirudisha kiti mahali pake pa zamani. Mama Bata akakataa, akasema huku kuna joto zuri la jua, kiti kibaki, vikapu ndivyo vibadilishane. Fundi akavibadilisha, akamwambia kwamba amevibadilisha. Kisha wakatoka pamoja kwenda kuwafungua bata. Muuza nyama alipofika aliambiwa asamehe, wafanyakazi wamerudi kazini. Fundi alimtaka mkewe waende kwa daktari wa macho, na Mama Bata akakubali, kwa sharti kwamba mishale ya mwindaji iishe kwanza.

Iliisha. Mwindaji akaja, akapiga mmoja kwenye gunia, akapiga wa pili kando yake, akaridhika. Akauliza, kwa ule mnong'ono wake, habari za hapa nyumbani.

"Shida ipo," alisema fundi. "Mama watoto macho yanamwacha. Ila mishale hiyo hamna shida, kachambua yeye."