Maji ya Mtufaa

Kiyoyozi changu hapa Nizwa, Omani, kinavuja. Maji yanadondokea ndooni, tip, tip, na kila nikiyasikia narudi Ibra, kwenye chumba cha bibi yangu mzaa mama.

Chumba kile tulikiita friji. Nje jua la kiangazi linachoma mpaka vitasa vya milango havishikiki, ndani Bibi kakaa kitandani na sweta, soksi za sufu na shali la marehemu babu, meno yanagongana, kiyoyozi kinaunguruma kutwa. Mama akilalamika, Bibi humjibu, "Niache na baridi yangu. Mimi mtu wa Unguja, joto lenu siliwezi." Sisi wajukuu tulimwamini. Tuligombania kuingia, tukitoka tunapiga chafya.

Nje ya dirisha lake palikuwa na mtufaa. Nyinyi mliozoea matufaa ya dukani, huu ni mti mwingine: tunda lake jekundu, nyama nyeupe ya majimaji, linanukia waridi. Mjomba alimletea mche kutoka Unguja, kaufunga kitambaa kibichi ndani ya sanduku. Ni mti wa pwani, unataka hewa yenye unyevu na ardhi isiyokauka. Sisi Ibra tuna gharbi, upepo wa moto wa jangwani, na kisima chetu kilikuwa na chumvi.

Bibi hakuwa na hamu ya matunda.

"Maua yake yakianguka," akiniambia, "chini panakuwa pekundu, zulia tupu, mchanga huuoni. Nataka uone kwa macho yako, mwanangu, usije ukasema bibi yako alikuwa muongo."

Nikiitikia inshallah, lakini moyoni sikuamini hata kidogo.

Miaka ikapita, mti ukanipita kimo, na siku moja ukatoa vitumba vya kwanza. Bibi alilia kwa furaha. Wiki hiyohiyo kifua kikambana, akalazwa hospitali. Mama, kuona chumba hakina mtu, akazima kiyoyozi. Mti tuliumwagilia sisi watoto kwa maji ya kisima, ndoo kwa ndoo, tukijisifu.

Aliporudi hakuingia ndani. Alikwenda na abaya yake moja kwa moja mtini. Majani yalikuwa yameungua, na vitumba vikasagika vidoleni mwake. Akainama, akaondoa matofali yaliyopangwa shinani, akavuta mpira mwembamba uliotoka kwenye kiyoyozi chake. Ulikuwa mkavu.

"Nani kazima mukayyif?"

"Mimi, mama," Mama akajibu. "Chumba kilikuwa kitupu."

"Khalas, yamekwisha. Hukukosa, mwanangu. Ningekwambieni, mngenikataza."

Hakukiwasha tena. Nami, kwa utoto wangu, nilifurahi: Bibi kapona, hatetemeki tena. Mti ukakauka wote, na yeye akatufia kabla ya msimu wa tende.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi. Bibi hakuwa akipenda baridi. Ilikuwa ikimla kifua, naye akajifunga shali na kungoja matone yaufikie mti, ili mimi nione maua ambayo sikuyaamini. Soksi zile nikizikumbuka nalia. Zulia jekundu sijaliona mpaka leo, na aliyetaka kunionyesha hayupo.

Ndoo imejaa. Naibeba mpaka uani, nasimama nayo juani, na sina mti wa kumwagilia.