Mtoro Asiyetoroka Popote

Juma lililopita, katika ofisi moja ya kata hapa Tabora, nilimkuta mama aliyeitwa ajieleze kwa nini bintiye wa miaka tisa hajaandikishwa shule. Alikuwa akimfundisha mwenyewe nyumbani, na siku hiyo alikuja naye.

"Sheria inataka shule, mama. Hii ni kesi," alisema afisa elimu, akijaza fomu. Mtoto akainamia meza.

"Shikamoo. Umeandika mtoro."

"Marahaba. Ndiyo, mtoro."

"Mtoro ni mwanafunzi aliyetoroka. Mimi sijaandikishwa popote, nimetoroka wapi?"

Mama akamfinya bega. Afisa akalikata neno lile kwa rula, akaandika "hajaandikishwa".

"Umesomaje maandishi yaliyopinduka?"

"Kitabu ni kimoja. Mama hukaa upande ule wa meza, mimi upande huu."

Afisa akaweka kalamu chini. "Jumatatu aanze shule, kesi hakuna. Jioni mfundishe utakavyo."

Mama akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Sheria imetiiwa na mama hakunyang'anywa kazi yake, nami nimeridhika. Ninamwombea tu mwalimu wa darasa la tatu atakayempokea awe mwangalifu na maneno yake.